Karatasi Zilikuwa na Nyuma

Ukifika Makandana ukauliza nani alileta mashine ya kwanza ya fotokopi ya rangi, utaelekezwa kwangu, na huyo atakayekuelekeza atakusindikiza mpaka mlangoni. Nasema hivyo bila aibu. Aibu yangu iko kwingine, na ndiyo iliyonikalisha hapa niandike, mimi niliyeishia darasa la sita, ambaye kalamu huniwia nzito kuliko jembe. Nimechuma chai ya watu. Nimebeba ndizi begani kutoka Kisiba mpaka barabarani. Nimeuza sabuni za vipande. Leo nina vyumba viwili vya steshenari, mashine tano, na bango ambalo herufi zake unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara hata ukungu ukiwa umeshuka. Walimu wenye vyeti vyao huja kwangu niwachapie mitihani, na wengine huniita mheshimiwa. Wananitania, najua, lakini wananiita.

Kwa hiyo kamati ya kanisa letu ilipotaka mtu wa kuliingiza gazeti letu la zamani kwenye mtandao, haikuhangaika kutafuta.

Kanisa letu ni dogo. Lina jengo moja la matofali ya kuchoma upande wa Kawetele, bati limeshika kutu, na hata Pasaka tukijaa sana bado utapata pa kunyoosha miguu. Lakini kwa miaka mingi lilikuwa na gazeti lake. Kuliita gazeti ni heshima tu. Ilikuwa karatasi moja ndefu kila mwezi, imechapwa mbele na nyuma kwa mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo wino wake ukikushika kidole unakwenda nao mpaka Jumapili ya pili. Kulikuwa na mahubiri, misiba, nani kabatizwa, nani kaoa. Na kulikuwa na majina ya waliotengwa.

Hili la kutengwa inabidi nilieleze, maana vijana wa sasa hawalijui. Kwetu mtu akikosa kosa la wazi, wazee walikaa wakamtenga. Hafukuzwi. Anakuja kanisani kama siku zote, ila anakaa benchi la mwisho, lile la mlangoni ambapo mvua ikija na upepo inakulowesha, na siku ya Meza ya Bwana wenzake wakienda mbele yeye anabaki amekaa. Jina lake linachapwa kwenye gazeti. Miezi ikipita, wazee wakiridhika, wanamrudisha, na jina lake linachapwa tena kwamba amerudishwa. Mpaka gazeti liseme, hujarudi.

Mashine ya kudurufu ilikufa, na gazeti likafa nayo. Karatasi zikabaki kwenye kabati la ofisi ya mchungaji, zimefungwa mwaka mmoja mmoja kwa kamba za migomba, panya wanazionja. Mpaka watoto wetu waliotawanyika Mbeya na Dar waliposema wanataka kusoma habari za babu zao kwenye simu. Mmoja wao, binti anayefanya kazi za kompyuta huko Dar, akasema tovuti ataitengeneza yeye, apatikane tu mtu wa kuskani. Bibi yake binti huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Watu wengi humwita bibi. Mimi nimemwita mama tangu nilipomfahamu.

Katibu wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye miwani minene kama chini ya glasi, alinifuata dukani.

"Kazi hii utaiweza?"

"Mwalimu, unamuuliza nani? Nipe leo, Jumapili utazisoma kwenye simu."

"Sitaki haraka. Karatasi zenyewe zimechoka."

"Zimechoka zenyewe. Mashine zangu hazijachoka."

Akacheka, akanitikisia kidole kama natoka darasani kwake. Kesho yake wakaniletea mabunda yote kwa bajaji, yamefunikwa turubai.

Nilikuwa nimetoka kununua Mbeya skana ya kumeza. Unaweka bunda juu, inameza karatasi moja moja, inazitemea chini, na picha inabaki kwenye kompyuta. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kuitazama. Ilikuwa na kasoro moja tu: inasoma upande mmoja. Ukitaka na upande wa pili, unaligeuza bunda zima, unalipitisha upya. Muuzaji alianza kunieleza, nikamkatisha. Nikamwambia najua.

Bunda la kwanza nililigeuza. Karatasi ya tatu ikakwama, ya nne ikatafunwa pembe. Dukani kulikuwa na wazazi wamepanga foleni na fomu za watoto wao za shule. Nikaichomoa ile karatasi, nikachungulia huo upande wa nyuma. Wimbo. Zamu za kufagia kanisa. Chini kabisa mistari michache ya majina. Mimi husoma polepole, jambo ambalo dukani silisemi, na wino uliovuja hunitia kizunguzungu. Nikajiambia haya ni matangazo, nani leo anataka kujua nani alifagia. Sikuisoma ile mistari ya chini. Nikaendelea na upande wa mbele peke yake, bunda baada ya bunda, na kwa siku nne nikawa nimemaliza kazi ambayo mwalimu alidhani itachukua mwezi.

Karatasi zenyewe zikabaki kwenye maboksi. Katibu aliponiuliza habari zake nilimjibu, "Za nini tena, mwalimu? Zimeshaingia mtandaoni, panya hawazifikii."

"Hata hivyo ziweke mahali pakavu."

Sikuziweka. Ilikuwa masika, na masika ya kwetu mkaa unakuwa na maji kama sifongo. Mke wangu akachukua karatasi za kuwashia jiko. Mama wa maandazi wa jirani akaomba, nikampa boksi zima, nikajiona mkarimu. Wiki tatu hivi majiko ya mtaa wetu yalishika moto vizuri.

Jumapili ya kuzindua tovuti waliniita mbele. Ningeweza kusema asante nikarudi kukaa. Nilishika kipaza sauti nikasimulia maisha yangu yote, chai, ndizi, sabuni, mpaka mashine tano, nikamalizia hivi: "Na kazi hii ya uchapaji sikufundishwa na mtu. Nimejifundisha mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono." Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa benchi la pili, amevaa gauni lake la bluu la siku kubwa na kitambaa cheupe kichwani. Naye alipiga makofi.

Ukweli ni kwamba nilishikwa mkono, na aliyenishika ni yeye. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka mashamba ya chai bila kitu. Yeye ndiye alikuwa mchapaji wa gazeti, kwenye kichumba cha nyuma ya kanisa. Nilikwenda kuomba kibarua cha kubeba karatasi. Akaniweka mbele ya mashine, akaufunika mkono wangu kwa wake juu ya mpini, tukazungusha pamoja. "Usiukimbize mkono," akasema, "ukikimbia, wino unaruka." Alinifundisha kupanga karatasi, kupunguza wino, kutega sikio kwenye mlio wa mashine ili nijue kama kuna karatasi inakwenda upande. Mpaka leo mashine yangu ikilia vibaya nikiwa chumba cha pili, naijua ina nini. Kwa wateja najisifu kwamba ni kipaji.

Na alinifundisha mpangilio wa gazeti. Mbele tulichapa Alhamisi, tukazitundika karatasi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nyuma tulichapa Jumamosi jioni, wazee wakishatoka kwenye kikao, kwa sababu wao ndio walioamua nani arudishwe. Waliotengwa walikuwa wameamuliwa mwezi uliotangulia, kwa hiyo wao walikaa mbele. Waliorudishwa walikaa nyuma, chini ya wimbo. Nilimuuliza kwa nini tusisubiri tu, tuchape pande zote kwa mkupuo mmoja. Akaniambia, "Mbele lazima ikauke kwanza."

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyafanya kwa mikono hii miaka mitatu. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Jumapili chache baada ya uzinduzi, ibada imekwisha, watu wamesimama kwenye majani nje ya kanisa, simu ya mama ikalia. Ni mjukuu wake wa Dar. Mama masikio yake mazito, kwa hiyo simu zake husikilizwa na kanisa zima.

"Bibi, shikamoo. Bibi, nimeandika jina lako kwenye tovuti nione kama upo. Kumbe ulitengwa?"

"Marahaba. Eeh, nilitengwa."

"Kwa kupika pombe?"

"Kimpumu, siyo pombe ya dukani."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja wa kwaya akapiga kofi paja lake. "Bibi! Kumbe ulikuwa fundi! Ungetuambia mapema tungeacha kunywa chai kwako!"

"Mngeweza kuinywa ninyi?" mama akamjibu. "Ile ilikuwa inakunywa yenyewe." Vicheko vikazidi.

Lakini mjukuu hakucheka. Tulimsikia akisema, "Bibi, nimetafuta sana mahali walipokurudisha. Hakuna. Wala wengine hakuna. Kila mtu katengwa, hakuna aliyerudishwa."

Vicheko vikapungua kidogo kidogo. Mama akaishusha simu, akanigeukia. Mchungaji alikuwa pale, kijana wa watu, ana miaka miwili tu kwetu. Katibu alikuwa pale.

"Mwanangu," akaniuliza, wala hakuwa na ukali wowote, "karatasi zilikuwa na nyuma?"

Hapo kila kitu kikanirudia. Haikuwa kukumbuka tu kwamba kuna nyuma. Nilikumbuka siku yenyewe. Mumewe alikuwa amefariki, shamba lake la chai limemezwa na majani. Majirani walikuja kumlimia, na kwetu huwezi kuwaita watu kulima ukawarudisha na koo kavu. Akapika kimpumu ya ulezi. Kanisa likamtenga. Tangazo lake alilichapa mwenyewe, alizungusha mpini ule ule jina lake likitoka karatasi baada ya karatasi, na mimi nikizitundika bila kujua niangalie wapi. Akakaa benchi la mlangoni miezi minane. Kisha Jumamosi moja wazee wakatoka kikaoni wakampa kikaratasi. Akazungusha. Nikatundika. Akaja akasimama mbele ya karatasi moja kwenye kamba, mikono ameiweka nyuma, haigusi kwa sababu wino ulikuwa mbichi, na akasimama hapo muda mrefu. Mimi ndiye niliyeibana ile karatasi kwa kibanio.

Nikamjibu, "Nyingi nyuma zilikuwa tupu, mama. Nyingine wino ulishafutika."

"Tupu."

"Ndiyo, mama."

Akanitazama kwa muda wa mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuvaa viatu. Halafu akasema, "Haya, tata."

Kwetu tata ni neno la heshima. Unamwita baba, unamwita mwanamume yeyote wa watu uliyekutana naye njiani. Zaidi ya miaka thelathini mama yule aliniita mwanangu.

Jumapili iliyofuata hakukaa benchi la pili. Alikaa la mwisho, mlangoni. Tulidhani anataka hewa. Ikaja Jumapili ya Meza, watu wakasimama mstari, yeye akabaki amekaa, mikono juu ya mkoba wake. Mchungaji aliuona mkate umebaki akamfuata mwenyewe mpaka kule nyuma. Kanisa lilikuwa kimya, tulisikia kila neno.

"Bibi, njoo. Hakuna aliyekutenga."

"Gazeti limenitenga."

"Hiyo ni miaka ile, bibi. Watu wote hapa wamekuona ukishiriki."

"Walioniona nikirudishwa wengi wako makaburini. Hawa wanaosoma kwenye simu wanasoma nimetengwa. Gazeti ndilo lililotoa, na gazeti ndilo linarudisha. Nionyesheni liliponirudisha, nitakuja hata kwa kukimbia."

Mtu mmoja akacheka kwa hiyo kukimbia, kisha akajuta. Mchungaji akarudi mbele na mkate wake. Alipokuwa akipita karibu nami akaniinamia: "Tafadhali, kaka, itafute hiyo karatasi." Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa ndipo nilipojifunza kwamba uwongo ni kazi ya kila siku, kama kuchota maji. Mchungaji alipopiga simu nilimwambia kompyuta iko kwa fundi. Mwalimu alipokuja nilimwambia maboksi yako stoo, nyuma ya shehena ya madaftari. Mjukuu alipopiga kutoka Dar nilimchanganya kwa maneno niliyookota kwa wauzaji wa Mbeya, mafaili yamegoma, mfumo umejaa, na yeye ni mtu wa kompyuta, akanisikiliza mpaka mwisho akasema tu, "Sawa, baba." Kila Jumapili niliingia kanisani kwa mlango wa pembeni. Mlango mkubwa ungenipitisha mbele ya magoti ya mama.

Na masika hayakuisha. Mvua ilikuwa inaingia pale mlangoni, na yeye alikuwa anakuja na kipande cha nailoni anajifunika miguu. Ana zaidi ya miaka themanini. Akakohoa katikati ya mahubiri. Wazee wawili waliobaki wa kikao cha zamani walimwambia wanamkumbuka akishiriki Meza, inatosha. Aliwashukuru, ndaga fijo, akabaki pale pale.

Aliyenivunja ni mke wangu. Alikuwa anawasha jiko, amekunja karatasi mkononi, akaisimamisha karibu na kiberiti akaisoma. Yeye husoma haraka kuliko mimi.

"Hii nyuma ina majina," akasema. "'Wamerudishwa kundini.' Ni watatu."

Nikamsogelea.

"Baba, si ulisema nyuma tupu?"

"Usiichome hiyo."

"Hii siichomi. Na zile?" Akakaa kwenye kigoda, karatasi mapajani. "Mungu wangu. Tumepikia maharage msamaha wa watu."

Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani hakukusudia kunichoma, ila sikula maharage kwa muda mrefu. Boksini zilikuwa zimebaki karatasi kumi na moja. Nikazisoma zote, mbele na nyuma, kidole kikifuata mstari, jambo ambalo ningelifanya mwanzoni gazeti lingekuwa zima. Ya mama haikuwemo. Nikaenda kwa mama wa maandazi. Boksi lake alikuwa amelimaliza, akaniuliza kama nina jingine. Nikapita nyumba za Kawetele, nikashuka mpaka Kisiba kwa waumini wa zamani, nikibisha na kuuliza nani alitunza magazeti ya kanisa. Mzee mmoja alinionyesha kitabu chake cha nyimbo, kakifunika jalada kwa gazeti letu, gundi ya ugali. Nikamwomba ruhusa, nikalibandua mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu. Ilikuwa ya mwaka mwingine.

"Ulikuwa unatafuta ipi?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia naitafuta ya mama.

"Si ulisema kanisani kwamba yote unayo?"

Nikaaga.

Jumanne moja nikapanda Kawetele kwa mama. Nilimkuta barazani anamenya ndizi. "Mugonile, mama," nikamsalimia. Akaitikia, akanipa kigoda, akanipa na kisu. Kwetu ukifika mtu anamenya, unamenya. Tukamenya. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yenye mashine na unyevu na foleni ya wazazi. Yakatoka mawili.

"Zilikuwepo, mama."

"Najua."

"Sikuzipitisha upande wa pili. Kisha tukawashia majiko."

Kisu chake kikasimama kidogo. Hilo la majiko alikuwa halijui. Akavuta ndizi nyingine.

"Zote?"

"Zimebaki kumi na moja. Ya kwako haimo."

"Uliitundika wewe."

"Niliitundika mimi. Naikumbuka. Ulisimama pale mikono nyuma."

"Basi uliikumbuka siku nilipokuuliza."

Ningeweza kusema hapana, na huenda angenikubalia. "Ndiyo," nikasema.

Maganda yakajaa kwenye ungo. Nikamuuliza kwa nini hakuniumbua siku ile ile mbele ya watu, yeye anayejua kuliko mtu yeyote kwamba hakuna gazeti letu lililotoka nyuma tupu.

"Nikuumbue wewe?" akasema. "Mkono ule niliufundisha mimi. Nilisema nikae mlangoni, utaniona. Ukiniona utasema." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Umechelewa, tata. Miguu yangu inauma na baridi."

Nikamwambia Jumapili nitasimama niseme, nitashuhudia.

"Maneno yataishia hapo hapo kanisani. Chapa gazeti."

"Mama, gazeti lilikufa."

"Una mashine tano. Tumekusikia."

Basi nikachapa. Kwanza nilikaa naye siku mbili, akiyataja majina ya waliorudishwa jinsi alivyoyakumbuka, na kichwa chake kilikuwa kimeyashika kama kabati. Alikuwa anafumba macho, mkono wa kulia unazunguka polepole hewani, jina linatoka. Fulani alirudishwa mwaka wa njaa ya ndizi. Fulani na mkewe siku moja. Pale asipokuwa na hakika alisema sina hakika, na tukaacha. Alipomaliza nikamwambia, na la kwako. Akasema lake niandike mimi, mimi ndiye nililiona.

Mchungaji na katibu niliwaambia Jumatano jioni, ofisini, nimesimama. Katibu alivua miwani akaifuta, akairudisha. "Nilikwambia sitaki haraka," akasema, na hakuongeza. Ningependa angenipigia kelele. Mchungaji akasema wazee watakaa Jumamosi.

Alhamisi nikafunga duka mchana nikachapa mbele. Niliandika mwenyewe kwa vidole viwili, bila kumpa msichana wa kaunta, na nilipomaliza nilikuwa nimeloa jasho. Niliandika kwamba nilipewa magazeti ya kanisa nikachukua upande mmoja, nikachoma moto upande wote wa pili, nikamdanganya mama mbele ya kundi, nikamwacha akae mlangoni masika yote. Niliandika pia kwamba uchapaji nilifundishwa na yeye. Chini nikaandika jina langu kwamba nimetengwa. Mchungaji aliposoma akasema wazee bado hawajanitenga. Nikamwambia mbele huchapwa Alhamisi.

Karatasi za mashine za siku hizi hutoka kavu, unaweza kuzigeuza pale pale. Niliziacha mpaka Jumamosi. Wazee walipotoka kikaoni, wameyapitisha majina na kutengwa kwangu, nikachapa nyuma, na sikutumia skana wala ujanja wowote, niligeuza karatasi moja moja kwa mkono na kuirudisha kwenye mashine. Nyuma ilikuwa ndefu kuliko mbele. Wimbo, kisha majina yote aliyonitajia, na la mwisho lake, na chini yake maneno haya: aliyeshuhudia ndiye aliyeitundika karatasi ya kwanza. Nikaskani pande zote mbili, nikamtumia mjukuu aiweke kwenye tovuti. Akajibu kwa neno moja, "Imepanda."

Jumapili niliingia kwa mlango mkubwa. Nikakaa benchi la mwisho, ukingoni, mama yuko ndani kidogo karibu na ukuta. Katibu akagawa karatasi. Akasoma mbele kwa sauti, mimi nimesimama kama desturi ilivyokuwa, na watu mia hivi walinigeukia, wengi wao ni wateja wangu. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa nini mwenye duka amesimama, akanyamazishwa. Nikasoma ubaoni namba za nyimbo, nikazisoma tena na tena, mpaka katibu alipomaliza.

Mama hakuisoma mbele. Alipopewa karatasi yake aliigeuza kwanza, akashuka na kidole mpaka chini. Akakaa na kidole hapo. Kisha akaikunja mara nne, akaiingiza kwenye mkoba, akakikunja na kile kipande cha nailoni, akakiacha kwenye benchi pembeni yangu.

Mchungaji alikuwa amesimama mezani, anasubiri. Mama akajishika kwenye benchi la mbele, akainuka. Mimi nilikuwa nimeziba njia.

"Mwanangu," akasema, "nipishe."

Nikavuta magoti, akapita.